Ligi Iliyogeuzwa Ngazi

Msimu wa 2015/16 ulipomalizika, timu tatu za mkoa wa Tanga zilishuka daraja kwa mpigo: Coastal Union, African Sports na Mgambo Shooting. Nafasi za kushuka zilikuwa tatu, na zote tatu tukazichukua sisi. Lawama zilizofuata zilikuwa zile zile za mpira wetu, yaani uongozi, fitina za ndani, usajili wa kubahatisha na waamuzi, na sina haja ya kuzifukua leo. Kilichonikaa kichwani ni jambo jingine, nalo ni namna watu wa mji huu walivyolizungumzia Daraja la Kwanza tulilokuwa tukienda kulicheza. Barazani, sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, sikumsikia mtu akiuliza tutakutana na nani huko wala mechi ipi itafaa kwenda kuitazama. Swali lilikuwa moja tu: tutatoka lini.

Coastal ilitoka mwaka 2018. Tangu hapo imefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2022, ikafungwa na Yanga kwa penalti mjini Arusha baada ya sare ya mabao 3-3, kisha ikamaliza ya nne katika Ligi Kuu ya 2023/24 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. African Sports, Wana Kimanumanu, yenyewe haijarudi Ligi Kuu, na kijana wa leo wa Tanga hashangai hata kidogo kuambiwa kwamba hajawahi kuiona ikicheza, ingawa babu yake huenda aligombana na jirani kwa ajili yake.

Nimekuwa nikitafakari kwa muda mrefu sababu ya ligi za chini kufifia kila panapokuwa na ligi moja kubwa ya taifa, na maelezo ninayoyasikia mara nyingi hayanitoshi. Husemwa kwamba kiwango cha uchezaji kimeshuka, au kwamba wachezaji wazuri wote wamekwenda Dar es Salaam, au kwamba hakuna mdhamini. Yote hayo yapo, lakini mengi yake ni matokeo kuliko kuwa chanzo. Nadhani ligi hufifia siku inapoacha kuwa na kilele chake yenyewe, ubingwa wake ukageuka kuwa kibali tu cha kuihama. Hapo ndipo inapokuwa ngazi, na ngazi hakuna mtu anayekwenda kuitazama.

Aliyenifikisha kwenye wazo hili ni mpwa wangu anayeishi Adelaide, kusini mwa Australia. Siku moja alinitumia picha za uwanja mdogo uliojaa watu, wazee na watoto, wanatazama ule mpira wao wenye umbo la yai, unaochezwa na watu 18 kila upande, wenye milingoti minne kila goli na ruhusa ya kudaka na kupiga teke. Timu ya nyumbani ilikuwa Norwood, klabu ya mtaani kwao, iliyoanzishwa mwaka 1878. Nikamuuliza kama mtu yeyote wa hapa angeuliza: wakichukua ubingwa wanapanda kwenda wapi?

"Hawapandi popote, mjomba," akanijibu. "Wanachukua kombe, basi."

Nilianza kusoma habari za ligi zao, na nikakuta kisa kinachostahili kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa sababu wenzetu hao walipitia miaka ya themanini na tisini mambo tunayoyapitia sisi, ila wao waliandika kila kitu.

Australia haikuwa na ligi ya taifa ya mchezo huo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kila jimbo lilikuwa na ligi yake, na kila ligi ilijiona kuwa kilele. Jimbo la Australia Kusini lilianza mwaka 1877, na ligi yake leo inajulikana kwa kifupi kama SANFL. Jimbo la Victoria, ambako ndiko kwenye mji wa Melbourne, lilianzisha chama chake, VFA, mwaka huo huo. Magharibi, kule Perth, wakaanza mwaka 1885. Mechi za fainali zilikuwa sikukuu za mji mzima. Mwaka 1976, fainali ya Adelaide kati ya Sturt na Port Adelaide ilihudhuriwa na watu 66,897, na mwaka 1979 fainali ya Perth kati ya East Fremantle na South Fremantle, timu mbili za mji mmoja wa bandari, iliwakusanya watu 52,781. Mtu aliyeshuhudia mji wa bandari ukigawanyika kati ya timu mbili, kama sisi tulivyogawanyika kati ya Coastal na African Sports, ataielewa takwimu hiyo ya pili bila kufafanuliwa.

Mageuzi yalianzia Melbourne. Klabu nane kubwa zilikuwa zimejitenga na VFA tangu mwaka 1896 zikaunda ligi yao, VFL, na ligi hiyo ndiyo iliyokuja kuwameza wengine. Mwaka 1982 iliihamishia timu ya South Melbourne mjini Sydney. Mwaka 1987 ikaingiza timu mpya kutoka Perth, West Coast Eagles, na nyingine kutoka Brisbane. Mwaka 1990 ikabadili jina na kujiita ligi ya Australia nzima, AFL, ingawa wingi wa timu zake na makao yake yalibaki pale pale Melbourne. Hapa naomba msomaji wa Tanga acheke kidogo, kwa maana ligi ya taifa yenye makao, fedha na magazeti katika mji mmoja si jambo geni kwetu.

Baada ya hapo ligi za majimbo ziliporomoka, lakini hazikuporomoka kwa namna moja, na tofauti hizo ndizo zinazonivutia zaidi.

VFA ndiyo iliyoumia kuliko zote. Ilikuwa imeshazoea kunyang'anywa, kwa sababu baada ya zile nane za mwanzo ilipoteza nyingine tatu mwaka 1925, zikiwamo Footscray na Hawthorn. Hata hivyo iliishi, na katika miaka ya sitini na sabini ilistawi kwa sababu ya jambo dogo ambalo ligi kubwa haikulitaka: siku ya Jumapili. Ligi kubwa ilicheza Jumamosi, hivyo VFA ikaanza kucheza Jumapili kuanzia mwaka 1960, ikapata watazamaji, ikapata na televisheni, na ikawa na timu za kutosha kuunda madaraja mawili. Kisha timu iliyohamishiwa Sydney ikaanza kucheza nyumbani Jumapili, na mechi zake zikaonyeshwa moja kwa moja Melbourne. Jumapili ikawa imetekwa, na VFA haikuwa na kitu kingine mkononi. Daraja lake la pili lilifutwa baada ya msimu wa 1988, klabu zikaanza kufa moja baada ya nyingine, na Brunswick, timu ya siku nyingi, ikafa katikati ya msimu wa 1991. Jina la VFL, ambalo wakubwa walikuwa wameliacha, lilikuja kuvalishwa ligi hiyo mwaka 1996, na baadaye timu za akiba za klabu za AFL zikaingizwa humo kucheza pamoja na wakongwe waliobaki.

Perth walikuwa na madeni. Klabu zao zilikuwa zimeishi kwa kuuza wachezaji Melbourne, na tangu zamani majina makubwa yalikuwa yakivuka jangwa kwenda mashariki, kama Graham Farmer, maarufu kwa jina la Polly, aliyetoka East Perth kwenda Geelong mwaka 1962. Leseni ya kuingia ligi kubwa iligharimu dola milioni nne, na fedha hizo ziligawiwa klabu za Melbourne ambazo nyingi nazo zilikuwa taabani. Kwa hiyo jimbo la pembeni lililipa ili kuokoa klabu za katikati, kisha likabaki likitazama mashabiki wake wakiziacha timu za mitaa na kwenda kuishangilia moja mpya. Mwaka 1992 Eagles wakatwaa ubingwa, timu ya kwanza kutoka nje ya Victoria kufanya hivyo, na furaha ya Perth ilikuwa ya kweli kabisa. Sioni sababu ya kuwabeza. Nami nilishangilia Simba na Yanga zilipofika mbali Afrika, huku nikijua kwamba kila hatua yao inaupunguzia uwanja wetu wa Mkwakwani watu.

Adelaide ndio waliojinusuru zaidi, na hawakujinusuru kwa umoja. Mwaka 1990 klabu yao kubwa kuliko zote, Port Adelaide, ilifanya mazungumzo ya siri na AFL ili iondoke peke yake. Wenzake waliposikia walikwenda mahakamani wakapata zuio, kisha ligi yenyewe ikaharakisha kuunda timu ya pamoja, Adelaide Crows, iliyoanza kucheza mwaka 1991. Port ilisubiri hadi mwaka 1997. Kisa hicho kina usaliti na hasira za kutosha kumfanya mwanachama yeyote wa klabu za Tanga ajisikie yuko nyumbani. Lakini matokeo yake yalikuwa na faida moja kubwa: ligi ya jimbo ndiyo iliyokuwa ikimiliki leseni za timu hizo mbili, na ndiyo iliyokuwa ikimiliki uwanja wa Football Park zilikochezea hadi mwaka 2013. Kwa zaidi ya miaka ishirini mpira wa chini ulikula kutoka kwenye sahani ya mpira wa juu, kwa haki na wala si kwa hisani. Fainali ya Adelaide bado hukusanya makumi ya maelfu ya watu.

Hata wao hawakusalimika kabisa. Tangu 2014 timu za akiba za Crows na Port zinacheza ndani ya ligi ya jimbo, na jezi ya Port iliyotwaa mataji 36 ya jimbo huvaliwa na vijana wanaosubiri kuitwa juu. Perth nako, klabu ya Peel Thunder iliingia ushirikiano na Fremantle ya AFL, ikatwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2016 na 2017 ikiwa na wachezaji wa Fremantle, na malalamiko ya mashabiki wa klabu nyingine hayakuwa madogo. Ubingwa ulioamuliwa na kocha wa ligi nyingine, kwa kupanga nani apumzike na nani ashuke kucheza, ni ubingwa gani?

Sasa turudi kwetu. Mfumo wetu ni kinyume cha ule, kwa kuwa sisi tuna kupanda na kushuka, na nilikuwa nikiamini kwamba mlango ulio wazi huipa ligi ya chini uhai. Sasa naona hoja hiyo ina ukweli nusu. Mlango wazi huwapa uhai timu mbili au tatu zenye fedha ya kuutazama. Kwa nyingine zote, msimu huisha mwezi wa pili au wa tatu, zinapojua kwamba hazipandi, na kwa kuwa hakuna kingine cha kushindania, mechi zilizobaki huwa mzigo wa nauli. Ligi ya pili ya taifa, ambayo tangu 2021 inaitwa Championship, ina timu 16 katika kundi moja, maana yake kila timu ina safari 15 za ugenini. Zamani Daraja la Kwanza lilichezwa kwa makundi, na timu nyingi zilikutana na majirani. Kulipanga kwa kundi moja kumeleta ushindani ulio sawa kwa wote, nakubali, lakini timu ya Tanga inayokwenda kucheza ukanda wa Ziwa au Nyanda za Juu Kusini inalipa basi, malazi na posho kwa ajili ya mechi ambayo shabiki wake hatakwenda kuiona, kisha inarudi nyumbani kumkaribisha mgeni ambaye shabiki huyo hana ugomvi naye wa kihistoria.

Kuna sababu nyingine ya kwetu ambayo Waaustralia hawakuwa nayo. Mpira wa mikoa wa Tanzania ulibebwa kwa muda mrefu na mashirika ya umma. Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, majina yenyewe yanaonyesha nani alikuwa akinunua viatu. Mchezaji alikuwa na ajira, klabu ilikuwa na gari, na msimu mbaya haukuwa na maana ya kufilisika. Mashirika yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya tisini, timu zao zilikosa mlezi, na Tanga, mji wa viwanda uliokuwa na mkonge, chuma na mbolea, uliupata mshituko huo kiwandani kabla haujaufikia uwanjani. Pamba imerudi Ligi Kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa mikononi mwa halmashauri, na majeshi nayo yanaendelea kulea timu. Klabu za wanachama, kama zetu mbili, zimebaki kutegemea mfuko wa mtu mmoja mmoja mwenye moyo, na moyo huo una tabia ya kuchoka.

Ukipima kwa kipimo cha Adelaide, swali la kuuliza ni kwamba mpira wa chini wa Tanga unamiliki nini. Uwanja wa Mkwakwani ni wa Chama cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Haki za televisheni ni za Ligi Kuu, na mkataba wa Azam wa mwaka 2021, wa miaka kumi na wa zaidi ya shilingi bilioni 225, ni fedha iliyobadili maisha ya klabu za juu, na siikatai. Wachezaji je? Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga mwaka 2020, na Juma Mgunda, mchezaji wa zamani wa Coastal aliyekuwa kocha wake, alichukuliwa na Simba mwaka 2022. Hizo ni biashara za Coastal. Timu za mchangani zinazomfundisha kijana kupiga mpira kabla Coastal haijamwona hubaki na picha ya pamoja.

Hapo ndipo ninapoona kazi inayoweza kufanyika bila kungoja mdhamini. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Fedha hiyo huifikia klabu iliyomsajili kijana kwa karatasi, na hapa kwetu vijana wengi huchezeshwa kwa ahadi ya mdomo na jezi ya kuazima. Chama cha soka cha mkoa kikiweka dawati moja la kuandikisha timu na watoto wake kwenye mfumo wa usajili, kitakuwa kimeupa mpira wa mitaani mali ya kwanza kuwahi kuwa nayo. Haitaleta utajiri mwaka huu wala mwakani.

Jambo la pili ni wakati, na hapa nawakumbuka VFA na Jumapili yao. Zamani mechi kubwa ilichezwa saa kumi jioni, watu wakatawanyika, na siku nyingine zikabaki za mtaa. Sasa Ligi Kuu inachezwa karibu kila siku ya wiki, mchana, jioni na usiku, na ikimaliza zamu yake Uingereza na Hispania zinaingia, na kibanda umiza kinajaa saa ile ile ambayo uwanja wa mtaa ungejaa. Mashindano ya ndondo ya Dar es Salaam yameonyesha kwamba watu bado wanakwenda kuutazama mpira wa mtaani pale unapopewa fainali yake, tarehe yake na tambo zake, na anayebeba kombe hapandi popote.

Ligi ya mkoa wa Tanga haina hayo. Bingwa wake huhesabiwa kuwa mwakilishi anayekwenda kutafuta nafasi kwa mabingwa wa mikoa mingine, na akirudi bila nafasi hiyo, ubingwa wake hausemwi tena. Ningependa kuona fainali ya mkoa ikichezwa Mkwakwani katika wiki ambayo Ligi Kuu na ligi za Ulaya zimesimama kupisha timu za taifa, jambo linalotokea mara kadhaa kila mwaka, kwa kiingilio cha shilingi elfu moja na kombe linalokabidhiwa pale pale uwanjani. Kama Taifa Stars inacheza Jumamosi, fainali iwe Jumapili. Korogwe ikikutana na Pangani, au Muheza na timu ya Ngamiani, mabasi ya Hiace yatapata abiria. Uwanja huombwa kwa barua kabla ya ratiba kutoka, na ratiba ya FIFA hutangazwa miaka kadhaa mbele.